Audio Ambayo Godefroid Hakuituma

Mama Mbombo wa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, alifundisha shule ya msingi mpaka kichwa kikajaa mvi, na alipostaafu hakujua afanye nini na sauti yake. Ilikuwa sauti ya kufika dawati la mwisho, na sasa nyumba ilikuwa kimya. Mwaka ule wa korona, dada yake Charlotte aliyekaa Lubumbashi akamwelekeza namna ya kutumia WhatsApp, na haukupita muda mama Mbombo akaanzisha kundi la kufundisha Tshiluba. Aliliita Muakulu Wetu, yaani lugha yetu.

Wanafunzi wake walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliotoka Kasai kuja kuchimba shaba. Walizaliwa Kolwezi, wakalia na kucheka kwa Kiswahili, na Tshiluba kikawabakia kwenye majina tu. Asubuhi, kama umeme upo na mega za intaneti hazijaisha, aliwatumia audio yenye salamu au methali. Nao walijibu kwa audio zao, naye akawasahihisha mbele ya wote, kama alivyozoea darasani. Kundi likavuma. Akipita sokoni, watu walimwita mwalimu wa WhatsApp, na mwendo wake ukabadilika.

Ndipo akaingia Godefroid Kalonji, fundi wa umeme kutoka mtaa wa Musonoi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Hakueleza kwa nini anataka kujifunza, na mama Mbombo hakumwuliza. Audio zake zilikuwa fupi, zenye kusitasita, kama mtu anayevuka mto akipapasa mawe kwa mguu.

Siku moja mwalimu akawataka wanafunzi kila mtu aeleze habari za mzazi wake mmoja. Godefroid akamchagua marehemu baba yake. Alisema baba alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyingi, na alipenda tumbaku. Yote aliyasema kwa Tshiluba, na kwa shida, isipokuwa hilo neno baba, ambalo lilimponyoka kutoka Kiswahili. Kwa Tshiluba, neno baba maana yake ni mama. Mzazi wa kiume huitwa tatu.

Mama Mbombo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kumwandikia pembeni, wao wawili tu. Badala yake alibonyeza kitufe cha kurekodi, akamwita tata, kama waitwavyo wanaume wazima, akauliza mbele ya kundi zima, "Tata Godefroid, kwenu mama njo alikuwa na ndevu?" Vicheko vikamiminika. Kisha, kwa kuwa jambo tamu halikai na mtu mmoja, akamtumia Charlotte ile audio ya Godefroid. Charlotte akawatumia wanakwaya wenzake, na kutoka hapo hakuna aliyejua ilipita wapi. Baada ya siku chache, ndani ya basi la wafanyakazi, Godefroid alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu aliyekaa nyuma, na basi zima likicheka.

Jioni ile akatoka kwenye kundi. Mama Mbombo aliuona ule mstari mdogo unaotangaza kwamba fulani ametoka. Aliwaza kumwandikia neno la pole, lakini akajiambia kwamba aibu ya namna ile hupita yenyewe, na mtu akipoa atarudi. Hakuandika.

Kiangazi kilikuwa kimekwisha kufunika mapaa kwa vumbi la malori alipopigiwa simu na mwanamke asiyemjua. Alijitambulisha kuwa ni Stéphanie, mke wa Godefroid. Mama mkwe wake, mama Bilonda, walikuwa wamemzika, na kulikuwa na audio moja ambayo walimwomba mwalimu aisikilize. Mama Mbombo akamwambia aitume. Stéphanie akasema mume wake amekataa. Audio ile haitoki ndani ya nyumba.

Mama Mbombo akachukua pikipiki mpaka Musonoi. Viti vya kilio vilikuwa bado uani. Stéphanie akamkaribisha na kumsimulia yote kwa sauti ya chini. Mama Bilonda alipata kiharusi wakati wa masika, na alipozinduka, Kiswahili na Kifaransa alivyovisema miaka yote vilikuwa vimemtoka. Kilibaki Tshiluba cha usichana wake. Wanawe hakuwahi kuwafundisha, kwa sababu marehemu mumewe alitaka waongee Kifaransa wafaulu shuleni. Jirani wa pekee aliyekijua alikuwa amehamia kwa watoto wake. Basi mama aliongea, na nyumba nzima ikamtazama mdomo. Ndiyo maana Godefroid aliingia kwenye kundi.

Godefroid mwenyewe akatoka ndani, akamsalimu kwa heshima, akakaa. Akaweka simu juu ya goti. Alisema maneno yale mama aliyarudia siku zake za mwisho, akitetemeka. Wao walidhani ni baridi, wakamwongezea mablanketi na kufunga dirisha.

Sauti ya mama Bilonda ikasikika, nyembamba, ikirudia kitu kilekile. Mama Mbombo hakuhitaji kusikiliza mara ya pili, ila aliomba irudiwe, ili apate muda.

"Anasema mumutoshe inje," akasema mwishowe, yaani wamtoe nje. "Anataka jua."

"Jua tu?"

"Jua tu, tata."

Godefroid akatazama uani, pale mwanga ulipokuwa umetanda juu ya viti vitupu. Stéphanie akajifunika uso kwa kitenge. Mama Mbombo akauliza swali ambalo jibu lake alilijua, mbona hakumtumia audio ile wakati mama angali hai.

"Nilitaka," Godefroid akajibu. "Niliweka kidole. Halafu nikawaza, batasikiliza bote, kundi nzima."

Mama Mbombo akamwomba msamaha, kwa Kiswahili kisha kwa Tshiluba. Godefroid akasema imekwisha, na hakukuwa na ukali katika sauti yake. Mama Mbombo akamsihi arudi kujifunza, atamfundisha pembeni, bila kundi, hata kwa kuja nyumbani kwake.

"Mama," akasema taratibu, "sasa nitaongea na nani?"

Tangu hapo kundi la Muakulu Wetu lina utaratibu mwingine. Kila mtu humtumia mwalimu audio yake peke yake, naye humjibu peke yake, ingawa kazi imekuwa nyingi na mega zinaisha upesi. Anayeanza, mwalimu humwuliza kwanza anataka kuongea na nani. Watu bado humwita mwalimu wa WhatsApp, naye huitika, lakini hageuki tena kwa furaha.

Jumapili hukutana na Godefroid mlangoni mwa parokia. Godefroid ndiye humsalimu wa kwanza kila mara. "Yambo, mama," husema, kwa Kiswahili. Naye mwalimu huitika kwa Kiswahili.