Gololi ya Saba

Oili ya gia ya otomatiki ikiungua ina harufu yake, kali na yenye utamu wa kukera, na hata leo nikiinusa barabarani pua yangu huiongezea yenyewe harufu ya ulezi ulioanikwa. Vitu hivyo viwili havina undugu wowote, isipokuwa uani kwetu, pembezoni mwa Sumbawanga, mwezi wa saba nilipokuwa darasa la sita. Baridi ya Ufipa mwezi huo haina mzaha. Tulivaa masweta mawili mawili tukilisubiri jua litoke. Mama alikuwa na gari dogo kuukuu, la otomatiki, alilolitumia kuteremka bondeni Mtowisa kuchukua mchele na kupanda nao mjini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu utotoni, hauwezi kukanyaga klachi. Kwenye otomatiki alihitaji ule wa kulia tu, na kwa mguu huo mmoja alishafika Mpui, Milepa na kila alikotaka. Nakiri kwamba shuleni nilikuwa naringa kwa ajili yake.

Mwaka ule gari likaanza kuchoka. Kwenye mlima wa kutoka bondeni gia zilichelewa kuingia: injini inapiga kelele, gari limeduwaa, kisha gia inaingia kwa kujivuta na ile harufu inapanda. Mara mbili Mama alikwama njiani na magunia yake akisubiri lipoe. Mafundi wa mjini wote waliimba wimbo mmoja: toa otomatiki, funga gia ya mkono. Baba, ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine za kusaga, akakubaliana nao, akaleta giaboksi nyingine na kuiweka barazani. Akasema kuanzia hapo atakuwa anampeleka Mama yeye mwenyewe, siku yoyote akipata nafasi. Alisema kwa mapenzi kabisa, na hakuona kwamba Mama ameacha kula. Hiyo giaboksi ikifungwa, Mama hataendesha tena. Nilimwona akiitazama pale barazani, kisha akasema kwa ule upole tuliozoea kuuogopa nyumbani, "Baba Editha, nipe Jumamosi moja. Ikishindikana, funga unachotaka."

Mama alikuwa amechapishiwa karatasi nne za maelekezo pale stationari, zote Kiingereza, na wiki nzima mimi naye tukazichambua kwa kamusi. Tulichoelewa ni hiki: ndani ya giaboksi, juu ya sampo, lile bakuli la oili la chini, kuna chuma chenye vijia vingi vya oili, na karibu yake springi zinazoipunguza oili kasi ili gia iingie polepole bila kushtua. Ukizikaza springi hizo, oili inafika kwa nguvu na gia inakamata papo hapo, bila kuteleza wala kuungua. Baba alisoma tafsiri yangu mara mbili, akakuna kichwa, akasema kukaza springi kwa washa, vile vipete bapa vya chuma, ni kazi anayoifanya kila siku. Jumamosi akalala chini ya gari, akamwaga oili kwenye beseni, akakishusha kile chuma. Zikadondoka gololi saba ndogo ambazo karatasi ilisisitiza kila moja irudi mahali pake. Mama akaleta ungo, kwa sababu nyumbani kwetu kitu kidogo kisichotakiwa kupotea huwekwa kwenye ungo. Akauweka kwenye ukingo wa mkeka wa ulezi, akaniambia nilinde vyote viwili.

Kuku walipovamia ulezi nilifanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Niliruka kuwafukuza, nikaukanyaga ukingo wa ungo, na gololi zikaruka zikazama ndani ya ulezi. Nikapapasa haraka, nikapata sita. Baba alikuwa bado chini ya gari, Mama jikoni, na kwa muda nikafikiria kunyamaza. Kisha nikakumbuka giaboksi ya barazani, nikaenda jikoni nikasema ukweli huku nalia. Baba akajaribu gololi ya beringi ya mashine, ikawa kubwa. Akajifuta mikono, akasema basi, Jumatatu atafunga klachi. Mama hakunigombeza. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kuupembua ulezi wote, ungo baada ya ungo, kama anavyotoa changarawe kila mwaka. Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposimamisha mikono. Kati ya changarawe tatu, gololi ilikuwa inang'aa.

Jumapili Baba akapanga washa kwenye springi, akarudisha gololi zote saba, akafunga na kumimina oili mpya. Jumatatu tuliteremka Mtowisa, Mama kwenye usukani, Baba pembeni, mimi nyuma. Kupanda tulikuwa na magunia manne na joto la bonde mwilini. Mlima ulipoanza nilifumba macho. Injini ikavuta, gia ikaingia kwa teke dogo lililonigusa mgongoni, ikafuata nyingine, teke tena, na gari likapanda bila kelele za bure. Nilinusa kwa bidii sana, nikanusa mchele tu. Upepo baridi wa juu ulipoingia dirishani Mama alikuwa anacheka peke yake. Tulipoyaona mabati ya mjini Baba akasema, "Nilikuwa naangalia gia tu. Sikuangalia mguu wako." Wiki hiyo giaboksi ya mkono ikaondoka barazani.

Siku hizi nina gari langu, la otomatiki pia, laini kiasi kwamba sijui gia zinabadilika saa ngapi. Krismasi iliyopita nilimpa Mama aliendeshe. Alizunguka nalo hadi kanisani na kurudi, akalisifu kwa adabu, akanirudishia funguo. Kisha akasema twende sokoni, akaingia kwenye lake, lile lile, viti vimeshonwa upya na mlango mmoja wa rangi nyingine. Nikakaa pembeni yake, mahali pa Baba, ambaye sasa amepumzika makaburini Mpui. Mama akakanyaga mafuta, gia ikaingia, na lile teke likanigusa mgongoni. Zilikuwa washa alizozipanga Baba kwa mikono yake, na bado zinamsukuma Mama kwenda anakotaka.