Siku Wageni Walipoandika Majina

Juzi, vijana waliokuja misheni ya likizo walikuwa wakipaka rangi kanisa letu hapa Kola, na harufu ile ikanirudisha utotoni. Tulikuwa tumetoka kumzika mama, baba akiwa ametangulia, wageni kama hao walipokuja kuandika majina ya mayatima. Nilidhani wanatugawa kwa watu wa mbali, nikajificha na mdogo wangu Mutua ghalani, juu ya mbaazi.

“Dada, zinaniwasha!”

“Nyamaza! Watakubeba wewe kwanza.”

Katekista alituita mara tatu, kisha gari likaondoka. Sasa najua kwamba walioandikwa walisomeshwa hadi kidato cha nne. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata ili Mutua ale. Lakini alasiri ile alirukaruka uani akiimba, “Tumewashinda!” nami, mkubwa wake, nikampigia makofi.