Misa ya Wafu ya Askofu Aliye Hai

Nuño Cebrián aliimba besi katika kanisa kuu la mji wetu kwa miaka thelathini. Kabla ya hapo alikuwa mwendesha nyumbu wa njia ya Segovia, na sauti aliipatia huko, maana nyumbu hamsikii mtu anayenong'ona. Hata kanisani aliimba kana kwamba kuna mnyama amegoma mlimani.

Mwaka ule askofu wetu, Don Íñigo, alishikwa na homa ya mapafu. Waganga walipotoka chumbani wakitikisa vichwa, mwalimu wa kwaya, Ordaz, alijifungia siku tisa akatunga misa ya wafu ya sauti sita.

"Jamani, baba hajafa," aliwaonya waimbaji. "Asisikike mtu akiiimba nje ya kuta hizi."

Lakini Nuño alisoma noti kwa taabu, ilimbidi akariri. Akawa anakariri nyumbani, huku akimenya vitunguu saumu.

"Wewe mwanamume," mkewe Mencía akamwambia, "majirani watadhani nimekufa mimi."

"Si ninanong'ona?"

"Kunong'ona kwako kumeamsha kuku wa watawa!"

Na ukuta wao ulipakana na bustani ya askofu. Asubuhi ya nne hodi ikapigwa: Baba Askofu anamwita.

Nuño alikwenda. Alimkuta mzee ameegemea mito, mweupe kama jibini, ila macho makali.

"Ni wewe unayenizika kila asubuhi?"

"Nisamehe, Baba. Nilikuwa mazoezini."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya... ya huzuni, Baba."

Askofu alicheka hadi kikohozi kikamshika, akatema makohozi ya wiki mbili, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Sauti nyingine ziko wapi? Siku tatu nasikia besi tu, ni kama kuguguna mfupa usio na nyama. Siwezi kufa kabla sijajua wimbo wenyewe unakwendaje. Waite!"

Wakaja wote, Ordaz mbele, jasho likimtiririka. Waliimba wamebanana kuzunguka kitanda. Walipofika pale pa kumwombea marehemu nuru, sauti zikapandana taratibu, moja ikiinua nyingine, hata Nuño akamkumbuka mama yake akalia. Wakamaliza. Askofu kafumba macho, hatikisiki.

"Ametutoka," Ordaz akanong'ona, akipiga ishara ya msalaba.

Jicho moja likafunguka. "Rudieni pale katikati. Besi ameingia mapema. Una haraka gani nami, mwanangu?"

Pasaka ilimkuta anatembea. Aliishi miaka tisa zaidi, na kila Novemba alidai aimbiwe misa yake, akiwa ameketi mstari wa mbele akigongagonga kidole. Ordaz alinung'unika: "Nimetunga mazishi, yamegeuka dawa ya kifua."

Nuño naye akaanza kuitwa majumbani kuwaimbia wagonjwa. Wengine walipona, wengine hawakupona. Mama mkwe wake alipougua, Mencía alimtuma akamwimbie. Bibi yule alimwona mlangoni, hata kofia hajavua, akajitupa nje ya kitanda.

"Nimepona!" akasema. "Nenda zako."