Nilipoza gesi ya Lindi kwa hewa ya Iringa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika yaliyonikuta bila kuongeza chumvi.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu visima vya gesi vilivyo mbali baharini, kusini mwa nchi. Je, inalipa kuivuta gesi hadi Lindi, kuipoza hadi iwe kimiminika, kisha kuiuza nje kwa meli?

Jibu langu: inalipa, ila kwa tofauti ndogo.

Asubuhi ya kuitetea, nikiwa nyumbani Ilomba, Mbeya, dada yangu Tumaini, mwalimu huko Lindi, alinipigia video call kunitakia heri.

"Sweta, kaka? Wenzio huku tunalala sakafuni, joto halina adabu!"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kwa wasio wa fani: mitambo ya kupozea gesi huendeshwa na turbine, yaani injini kubwa zinazovuta hewa ya nje, na turbine hupungua nguvu hewa ikiwa ya moto.

Nikafungua laptop. Model yangu ya mahesabu niliianzisha kutoka zoezi la zamani la kukausha mbao Iringa. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa faili la hali ya hewa. Mtambo wangu wa Lindi ulivuta baridi ya Iringa mwaka mzima.

Nikaweka joto la Lindi, nikarun upya.

Hailipi.

Zilibaki dakika arobaini niingie kwenye utetezi. Jopo lilishasoma nakala, na hakuna aliyehoji. Nikinyamaza, nahitimu; ndugu zangu wa Kilolo walishashona sare za mahafali. Lakini je, mtu akija kuitegemea namba ile?

Nilipofika chuoni nilimwambia msimamizi wangu koridoni. Akavua miwani.

"Wewe! Leo ndiyo unaniambia? Haya, ingia ukaseme mwenyewe."

Nikasema. Nimeamriwa kurudia sura mbili. Mahafali ya mwaka huu yamenipita.

Mama alikataa kupeleka habari Kilolo. "Mpigie shangazi yako mwenyewe. Mimi simo."

Nikampigia, nikajieleza kwa urefu usio na sababu.

"Kwa hiyo mtambo umeharibika?"

"Hapana shangazi, haujajengwa."

"Haujajengwa? Sasa si umewahi, baba! Acha kunililia, mahindi yangu yanaungua."

Nilichojifunza: faili la zamani likague kama la adui yako, hata kama uliliandika wewe.

Ila bado sijui kama ningesema iwapo zingebaki dakika tano.

Waliowahi kujikamata wenyewe, mlifanyaje? Na anayeona nilijiponza, aseme bila kunionea haya.