Mzee Aliyeshinda Mbio za Garhoud

Nilipofika mtaa wa Karama, Dubai, kumtunza mzee mmoja, madam, binti yake aliyeniajiri, aliniambia baba yake alikuwa dereva. Nikauliza, "Wa teksi?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Wa mashindano, binti," akasema. Alikuwa Mhindi wa Nairobi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu mimi wa Nyeri.

Ujana wake ulikuwa wa matope na vumbi. Alianza katika gereji ya mjomba wake, na mbio za kwanza alikimbia na gari la mteja lililoletwa kurekebishwa breki. Akashika nafasi ya tatu. Mteja akaambiwa breki zimejaribiwa vya kutosha. Alikimbia miaka mingi, hadi alipovunjika mguu. Baadaye akauza mabomba ya maji, akafiwa na mke, na madam akamleta Dubai.

Huku hakuna aliyemruhusu kugusa usukani. Ndani ya teksi alikaa nyuma akiwafundisha madereva kukata kona. Mmoja alichoka, akatuteremsha kabla hatujafika daraja la Garhoud.

Basi hoteli moja ya Garhoud ikaandaa maonyesho ya magari ya zamani. Mwenye gari moja, kijana mpole, alipata habari za mzee, akamwalika akae ndani apigwe picha. Madam alikuwa kazini, nikaenda naye mimi. Mzee akavaa suti, akaingia, akashika usukani. Halafu akanusa, akakosa harufu ya mafuta.

"Injini iko wapi?"

"Iko kwa fundi, sir," kijana akasema.

Mzee akanigeukia. "Sukuma."

"Mzee, tumeitiwa picha tu!"

"Picha ya gari lililosimama? Kwani nalinunua?"

Kijana akacheka, akakubali. Askari wa getini, Mganda mwenye kifua kipana, akakunja mikono ya shati. "Yalla, twende, dada, kidogo tu."

Tukasukuma. Hakuna aliyetuambia kwamba maegesho yale yana mteremko.

Gari lilituponyoka. Mzee akapita katikati ya mabasi mawili ya watalii, akimpigia honi mhudumu aliyekuwa anasukuma toroli la mizigo. Mhudumu akaruka pembeni, toroli na masanduku vikaendelea bila yeye. Mimi nilikimbia nyuma, kiatu kimoja mkononi, nikiita majina yote ya Mungu niliyofundishwa Jumapili. Gari likapanda bustani ya hoteli, likasimama katikati ya maua.

Nikamkuta mzima, petali kwenye nywele.

"Nani wa pili?" akauliza.

"Mzee, ulikuwa peke yako!"

"Basi nimeshinda."

Kijana alifurahi, akampiga picha palepale kwenye maua. Mtunza bustani hakufurahi hata kidogo.

Jioni madam alisikia yote, akamnyima mzee halua wiki nzima. Mimi nilimpelekea vipande vidogo ndani ya leso, naye alikula akinieleza, kwa ukali, kwamba nilisukuma kama mtu anayefagia.