Kigae cha Moto

Leo mvua imenyesha ghafla ikazima jiko langu la mkaa pale nje. Harufu ya majivu mabichi iliponifikia, nikamwona tena akilini yule mama mkimbizi.

Nilikuwa mdogo. Serikali iliwapa wakimbizi ghala la tumbaku la kijiji wakae humo, na tumbaku yetu ikarudishwa nyumbani. Tuliitundika juu ya vitanda, ikaota ukungu. Tangu hapo mama yangu hakutaka hata kuwasalimia watu wa ghalani.

Jioni moja ya mvua mama mmoja wa kule akapiga hodi, mtoto mgongoni akikohoa, mkononi ameshika kigae cha chungu.

"Dada, naomba moto kidogo. Kuni zetu zimelowa, na mtoto anatetemeka."

Kwetu mtu hanyimwi moto, hata kama mmegombana. Mama yangu alilijua hilo. Akainua ndoo ya maji akaimwaga yote mafigani. Majivu yakaturukia miguuni.

"Si unaona? Hata sisi hatuna."

Yule mama akakiweka kigae chini taratibu, akaondoka. Tukalala na njaa.

Asubuhi mama yangu akanipa kigae kilekile, bila kunitazama. "Nenda pale penye moshi, ukaombe."

Moshi ulikuwa ghalani. Moto mkubwa wa mbao zilizong'olewa ghalani uliwaka nje, watu wameuzunguka vichwa chini. Yule mama akainuka, akanijazia makaa.

Kitenge kilikuwa bado kimefungwa mgongoni kwake, lakini ndani hamkuwa na mtoto.