Sanduku Nililolipokea Chini ya Ukuta Mweupe

Najua utasema nimeyatunga. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Nimesoma jiolojia miaka minne chuoni, hapahapa Johannesburg, na tangu utotoni mimi ndiye mtoto aliyekuwa akiwauliza wakubwa "umejuaje?" mpaka wanamwita mama aje anichukue. Siamini majini, siamini ndoto, hata nyota za gazetini sisomi. Basi nikikuambia kwamba jambo hili lilinipata mimi, jua likiwaka, akili zangu zikiwa timamu, nisikilize hadi mwisho ndipo ubishe.

Nianze na bahari. Johannesburg haina bahari. Ya karibu ni safari ya basi usiku kucha. Lakini kusini mwa jiji kuna vilima vilivyotoka chini ya ardhi: zamani walichimba mawe, wakayasaga, wakachukua dhahabu, wakamwaga unga uliobaki. Vilima vingi ni vya manjano. Hiki ninachokisema ni cheupe kama chaki, na upande wake mmoja umeliwa na mvua mpaka umekuwa ukuta wima, mrefu kuliko ghorofa tano, wenye mipasuko na makorongo. Chini yake kuna bwawa la maji ya kijani, na kati ya maji na ukuta kuna ufuo. Ufuo kweli, wa mchanga laini. Ukipiga picha vizuri, ukazificha nguzo za umeme na barabara kuu, hakuna atakayekukatalia kwamba uko pwani.

Aliyeihitaji pwani hiyo alikuwa Da Fifi. Ni msusi, Mkongo wa Lubumbashi, ana kiti chake katika saluni iliyo chini ya chumba ninachopanga mtaa wa Yeoville. Siku hiyo alikuwa ananisuka huku akinung'unika, akiniita "petite", mdogo wake, kama kawaida yake.

"Petite, mama ameambia kanisa yote kama ninaishi pembeni ya bahari. Sasa anaomba picha."

"Kwa nini ulimdanganya?"

"Sikumudanganya! Nilisema South Africa iko na bahari. Yeye njo alinisogeza karibu."

Saluni nzima ilicheka. Mimi nikasema, kwa kiburi cha msomi, kwamba ninaijua bahari ya nauli ya teksi mbili tu.

Tulikwenda Jumapili moja ya Agosti, mwaka 2017, mwezi ule ambao upepo huchukua unga wa vilima hivyo na kuumwaga mjini. Tuliingia kwa tundu la uzio, kama wanavyoingia wote. Da Fifi alibadilisha nguo nyuma ya kichuguu cha mchanga, akatoka na gauni la rangi ya chungwa, kofia pana na miwani mikubwa. Alipendeza, sikufichi. Akaenda kuuegemea ukuta. Papo hapo kipande chenye ukubwa wa friji kikameguka hatua chache kutoka alipokuwa, kikamwagika kama unga.

"Da Fifi, toka hapo!"

"Piga kwanza!"

Nikapiga kwa kamera yangu. Tatizo likawa nguzo za umeme; katika kila picha zilichungulia nyuma ya kofia yake. Nikaona korongo jembamba limeingia ndani ya ukuta, linapanda. Nikafikiri nikipanda kidogo nitapata pembe ya kumpiga kutoka juu, maji tu yakiwa nyuma yake. Nikamwambia anisubiri dakika tano.

Korongo lilikuwa jembamba kiasi kwamba mabega yangu yaligusa kuta za pande zote mbili. Nilipiga hatua kama arobaini, nikakata kona moja. Kona moja tu, ikumbuke. Upepo ukakatika ghafla. Na hapo, mbele yangu, akaja mzee anashuka.

Alivaa koti zito la sufu na viatu vya kazi visivyo na kamba. Begani alibeba sanduku la bati, lile la zamani la safari. Nilimdhania mmoja wa wale wanaochimba kwa siri, au muumini wa yale makanisa yanayosali vilimani. Nikamsalimia kwa Kizulu. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Hujambo, mwanangu."

Wala si Kiswahili cha Yeoville. Kilikuwa cha kusini mwa Tanzania, sauti ileile ya babu yangu mzaa mama. Wewe ungefanya nini? Nilifurahi!

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema. Kisha tena, polepole, "Marahaba. Siku nyingi sijaamkiwa."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni adabu. Baba yangu ni wa hapa; alikimbilia Tanzania wakati wa mapambano, akamwoa mama, akarudi naye. Nimekulia Midrand, kati ya maofisi na nyumba zenye ukuta na geti. Lakini ndani ya nyumba yetu mama alitulea kama yuko kwao. Mtu mzima akija na mzigo, humwachi asimame nao. Wala husubiri kuombwa. Unanyoosha mikono yote miwili unasema nikupokee. Maneno hayo hayapiti kichwani, yanatoka yenyewe.

"Nikupokee, babu."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Unasemaje?"

"Nikupokee mzigo."

"Ni mzito huu."

"Nina nguvu."

"Mwanangu, fikiri. Mtu akishanipokea, nimepokewa."

Nikacheka. Niliyaona maneno ya wazee tu. "Babu, mimi nimelelewa bwana. Lete."

Akanipa. Halikuwa zito hata kidogo, hilo ndilo lililonishangaza. Mzee akaunyoosha mgongo wake, taratibu, kama mtu aliyesahau unavyonyooka. Akatazama viganja vyake. Machozi yakawa yanachora mistari katika vumbi la uso wake.

"Mungu akuweke," akasema. "Mimi nimejaribu kutoka nalo. Halitoki."

Akanipita. Nimekuambia mabega yangu yaligusa kuta zote mbili, sivyo? Basi niambie alipita wapi. Mimi sijui mpaka leo. Nilihisi baridi ya koti lake shavuni, nikageuka, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Sikuogopa bado. Nilijiambia, mzee mwembamba, kapenya. Nikaanza kushuka na sanduku.

Kuna jambo moja la kitaalamu lazima ulielewe. Makorongo ya mvua ni kama mito: vijito vingi juu, vinakutana, vinakuwa kimoja chini. Ukipanda unaweza kupotea, maana njia zinagawanyika. Ukishuka huwezi. Kila njia inakupeleka kwenye njia kubwa zaidi, na ile kubwa inakutoa nje. Ni hesabu ya maji, haina imani ndani yake.

Nikashuka, na njia ikagawanyika mbili. Nikachukua ya kulia, ikagawanyika tena. Nilikuwa nashuka, miguu yangu inajua kushuka, magoti yanajua, lakini kuta zilizidi kuwa ndefu na njia zilizidi kuwa nyembamba, kana kwamba maji yaliyochimba mahali pale yalikuwa yakipanda. Nikapita kona saba. Kisha nikaacha kuhesabu. Mchanga ulikuwa unachuruzika kutoka juu, uzi mwembamba hapa, uzi mwembamba kule, na kila nilipomwita Da Fifi ukuta uliimeza sauti kama godoro.

Nikaliweka sanduku chini ili nipande nichungulie. Nilipoondoka hatua kumi, kifua kikabana. Usidhani nasema hofu. Nasema pumzi iliisha, kama mtu kanikalia. Nikarudi, nikaligusa, pumzi ikaja. Nikajaribu tena, maana mimi siamini jaribio la mara moja. Mara tatu. Mara tatu jibu lilikuwa lilelile. Nikakaa chini nimelikumbatia lile bati, natazama mwanga ukipanda ukutani unaniacha, nikawaza: mzee yule amekaa humu muda gani?

Kisha nikasikia mtu anatukana kwa Kifaransa.

Da Fifi akatokea konani, viatu mkononi, gauni la chungwa limekuwa jeupe.

"Petite! Saa mbili nzima minakutafuta! Ulisema dakika tano! Na hii sanduku ni ya nani?" Aliponiona nilivyo, uso wake ukalegea. Akaweka viatu kwapani, akanyoosha mikono yote miwili. "Pole, mudogo wangu. Umechoka. Leta nikupokee."

Nilielewa kabla ya kufikiri. Mikono yangu ndiyo iliyoelewa. Nikimpa, nitatoka. Nitateremka hatua arobaini, nitapanda teksi, nitaoga, nitalala. Naye atabaki. Da Fifi ana watoto wawili, yule mdogo bado ananyonya.

Nakiri kitu ambacho sijawahi kumwambia: mikono yangu ilinyooka. Sanduku lilifika katikati. Vidole vyake vilikuwa vinakaribia mshikio nilipopiga kelele, "Usiguse! Usilipokee!"

Akaruka nyuma. "Eh! Sasa mimi ni mwizi?"

"Tangulia tu. Tafadhali, Da Fifi. Tangulia, nitashika mkanda wako."

Akatangulia, amenuna. Nilimshika mkanda kwa mkono mmoja, sanduku mkono wa pili, macho nimefumba. Hatua arobaini. Nilizihesabu. Kisha upepo wa Agosti ukanipiga usoni, na maji ya kijani yalikuwa palepale. Nililia. Da Fifi akafikiri nalilia kamera, maana sijui niliiacha wapi. Bahati nzuri alikuwa amejipiga nyingine kwa simu. Moja mama yake ameitundika sebuleni Lubumbashi.

Nilidhani nimetoka. Kumbe ukuta ulikuwa umesogea tu.

Usiku huo nililifungua sanduku. Kulikuwa na vitenge viwili, sahani ya bati yenye maua, kioo cha mkononi, na viatu vya mtoto wa miaka kama sita. Vyote vipya, kama vimenunuliwa asubuhi. Zawadi za mtu anayerudi nyumbani. Mfunikoni palikuwa na namba na jina la mahali, lakini jina limefutika, nami nimelitazama kwa lenzi, kwa taa, kwa kila njia niliyofundishwa.

Nikaenda nalo Midrand kwa mama. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo asilolifanya kamwe.

"Kwetu watu wengi walikuja kwenye migodi hii," akasema. "Wengine hawakurudi. Alikuambia anakwenda wapi?"

"Hakusema."

"Nawe hukuuliza."

Mimi, ninayeuliza kila kitu. Mama akainama kidogo, akatazama vile viatu vya mtoto, kisha akainuka, akatandaza mikono yake miwili mbele yangu. "Mimi nimeshazaa, nimeshalea. Lete nikupokee, mwanangu."

Alijua anachosema. Nililifunga sanduku nikakimbia hadi barabarani. Tangu siku hiyo nikienda kwao nalificha chini ya siti ya teksi ya dereva ninayemfahamu, inaegeshwa pale nje, nami sikai zaidi ya dakika chache getini.

Sasa ni mwaka wa pili. Nikiwa nalo, natembea jiji zima. Bila hilo sifiki hata kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani za hapo jirani. Kazini wanadhani ni sampuli za mawe. Lakini kutoka nje ya mji, hapana. Nilipata kazi Durban. Basi likafa injini kabla hatujauacha mji, na la pili, na la tatu. Bibi alipofariki Tanzania nilianguka uwanja wa ndege, mbele ya kaunta, nalo mkononi, pumzi imekatika. Daktari alisema ni wasiwasi, akaniandikia vidonge. Fundi alisema injini za mabasi yale ni mbovu. Kila kimoja kina maelezo yake, na ningekuwa wewe ningeyakubali yote. Bibi alizikwa bila mimi.

Makanisa nimepita, misikiti ya Mayfair nimepita. Wazee wa huko kusini mwa Tanzania nimewapigia simu, kijiji kwa kijiji, nikiuliza nani alikuwa na baba aliyekwenda migodini akamwacha akiwa mtoto wa miaka sita. Unajua ni wangapi? Wanaanza kulia kabla sijamaliza swali.

Sikukatazi adabu. Mwamkie mkubwa, mpishe njia, mpe kiti. Lakini kabla ya kunyoosha mikono uliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, na umebeba nini. Asipokujibu, mwache na mzigo wake, hata akikulaani.

Na ukinikuta Yeoville, msichana mwembamba mwenye sanduku la bati, nisalimie kwa mbali upite. Usinionee huruma. Usiseme neno lile, hata kwa mazoea. Mara ya kwanza nilikataa kwa Da Fifi, na mara ya pili nilikataa kwa mama yangu. Nimechoka, ndugu yangu. Wewe sikujui.